Ampli Itakayobaki

Kikundi chetu cha vijana hapa Nakivale kilichanga pesa kwa miezi 14 ili kununua ampli ya besi. Baada ya hapo tukabishana wiki 6 tununue ipi. Tangu tuilete, vijana wa vikundi vingine, wa kwaya na wa bendi za harusi, wananisimamisha njiani: "Kaka, mlichagua vipi?" Mimi mwenyewe si mpiga besi. Kazi yangu ni kukaa na vijana, kupanga mazoezi, kushika ufunguo wa chumba na kusuluhisha ugomvi. Lakini katika wiki zile 6 nilijifunza mengi kwa fundi wetu na kwa mpiga besi wetu, nikaona afadhali niyaandike mara moja, kila mtu asome.

Mengi ni mambo ya wati, mbao na waya. Ila katikati yake kuna swali lingine lililotusumbua kuliko wati, na hilo nalo nitalisema.

Tuanze hapa: kwa nini besi iwe na ampli yake? Mama mmoja wa kamati ya wazazi alituuliza hivyo hivyo. "Si mchomeke tu kwenye spika za kanisa? Mbona gitaa zingine zinapita humo?" Ni swali la haki, hasa kwa mtu ambaye mgao wake umepunguzwa na anaona watoto wake wanachanga pesa ya muziki.

Jibu ni hili. Uzi mnene wa besi, ule tunaouita Mi, ukipigwa wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Mi nene ya gitaa la kawaida inatikisika kama mara 82. Yaani besi iko chini oktavu nzima. Spika ikitaka kutoa sauti ya chini namna hiyo ni lazima isukume hewa nyingi, karatasi yake iende mbele na kurudi nyuma kwa mwendo mrefu. Spika ya gitaa la solo haikutengenezwa kwa mwendo huo. Ukiipigia besi kwa sauti ya chini itavumilia. Ukiongeza, itaanza kukwaruza, na siku moja itachanika. Na ukipitisha besi kwenye spika zile zile za waimbaji, kila besi inapogonga, sauti za waimbaji zinatetemeka kama mtu anayeimba akiwa juu ya boda boda.

Jambo hili si jipya. Leo Fender wa Marekani alitoa gitaa la besi la umeme, Precision Bass, mwaka 1951. Mwaka uliofuata tu, 1952, kampuni yake ikatoa amplifaya iliyoitwa Bassman, kwa sababu gitaa jipya lilidai mashine yake lenyewe. Ampeg nao mwaka 1969 walitoa SVT yenye wati 300, wakati bendi za roki zilikuwa zinapiga kwenye viwanja vikubwa na besi ilikuwa haisikiki.

Na kwetu? Kwenye rumba ya Kongo anayesifiwa ni mpiga solo. Watu wanataja jina lake. Lakini seben ikianza, kinachowatoa watu kwenye viti ni besi na ngoma. OK Jazz, bendi iliyoanzishwa Leopoldville mwaka 1956, dunia inaijua kwa jina la Franco. Ila mzee anayejua muziki atakutajia pia Decca Mpudi aliyekuwa anapiga besi. Besi ikikatika katikati ya seben, mcheza anasimama na mguu wake hewani. Nimeona kwa macho yangu kwenye harusi moja huku Juru.

Basi tukachanga. Elfu 1 kwa wiki, kwa anayeweza. Tulikuwa 22. Kuna wiki walilipa 20, kuna wiki walilipa 6. Harusi 5 zikatuongezea. Tukafika milioni 1 na laki 5 za Uganda. Na siku tuliyohesabu, ndipo maneno yakaanza.

Mpiga besi wetu, ambaye wadogo wanamwita Grand, alisema tutafute kitu kizuri na cha kudumu. Dada anayeshika hazina akamwangalia, akasema: "Grand, wewe uko na interview mwezi ujao. Mimi faili yetu iko inatembea. Tunanunua kitu cha kudumu, lakini nani kati yetu atadumu hapa?"

Kimya.

Neno hili "kudumu" si geni kwetu. Kila aliyekaa hapa zaidi ya mwaka ameshalisikia kwenye mikutano: suluhisho la kudumu. Ziko njia 3: kurudi kwenu kwa hiari, kukubaliwa kuishi moja kwa moja kwenye nchi iliyokupokea, au kuhamishiwa nchi ya tatu. Tunalisikia neno hili mpaka limekuwa kama jina la mtu ambaye anakuja kesho. Matokeo yake tumezoea kununua vitu visivyodumu. Kitanda cha mbao laini, maana tutaondoka. Redio ya bei ya chini, maana tutaondoka. Kuna mzee jirani yangu ambaye ameishi hivyo kwa miaka 17.

Na kweli watu wanaondoka. Kwa miaka 4 kikundi kimekuwa na wapiga besi 3 kabla ya Grand. Wa kwanza alikwenda nchi ya tatu. Wa pili alirudi Kongo kumzika baba yake, akabaki. Wa tatu alihamia Kampala kutafuta maisha. Kila mmoja alipoondoka, ilibidi tufundishe mwingine kutoka mwanzo.

Kwa hiyo dada wa hazina akauliza swali gumu zaidi: "Atakayeondoka, atarudishiwa elfu zake?" Hilo ndilo lililotukula wiki nzima. Wengine walisema ni haki yake, ametoa jasho. Wengine walisema ampli haikatwi vipande kama mkate. Mmoja alipendekeza tununue spika ndogo ndogo, kila mtu aweze kuchukua chake siku ya safari. Nilimwelewa. Lakini spika 5 ndogo haziwezi kupiga besi ya harusi, hata ukizipanga kama matofali.

Mwishowe tulikubaliana hivi: pesa iliyotolewa ni ya kikundi. Anayeondoka anaondoka na ujuzi wake, ampli inabaki kwa anayekuja. Na kwa sababu inabaki kwa anayekuja, ni lazima iwe ya kubaki kweli. Hapo ndipo tulipata kipimo chetu. Hatukutafuta ampli inayomfaa Grand peke yake. Tulitafuta ampli itakayomfaa mtu ambaye hata hatujamjua bado.

Sasa twende kwenye mashine.

Jambo la kwanza ni wati, maana hapo ndipo watu wanadanganywa. Nenda dukani utaona kaspika kameandikwa wati 5000, pembeni herufi PMPO. Hiyo PMPO ni hesabu ya biashara, haina kanuni moja, kila mtengenezaji anaandika anavyotaka. Namba ya kutafuta ni ile iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa bila kukoma. Fundi wetu, Papa mmoja wa Uvira anayetengeneza redio sokoni Base Camp, alitufundisha njia nyepesi ya kumkamata mwongo. Geuza mashine, angalia nyuma panapoingia umeme. Pameandikwa inakula wati ngapi, au fyuzi yake ni ya ampea ngapi. Fyuzi ya ampea 1 kwenye umeme wa volti 240 ni kama wati 240 zinazoingia. Mashine inayoingiza 240 haiwezi kutoa 2000 mfululizo. "Ng'ombe hatoi maziwa kuliko maji anayokunywa," Papa alisema, tukacheka, lakini hatukusahau.

Wati ngapi zinatosha? Kwa besi pamoja na ngoma kwenye ukumbi wa mabati, Grand alisema asishuke chini ya 100 za kweli, na 150 hadi 300 ndiyo raha. Sababu si kupiga kelele. Ampli ndogo ikisukumwa mpaka mwisho inaanza kukata vichwa vya mawimbi ya sauti. Utasikia inakoroma. Sauti ya namna hiyo inachosha masikio na inaunguza spika. Ampli kubwa ukiifungulia nusu inafanya kazi ile ile bila kutokwa jasho, na ndiyo inayoishi miaka.

Lakini msikimbilie wati tu. Ukiongeza wati mara 2, sauti inaongezeka desibeli 3, tofauti ambayo sikio linaisikia lakini halishangai. Ili sikio liseme "hii ni kubwa mara mbili" unahitaji kama mara 10 ya wati. Na spika zenyewe hazilingani. Nyuma ya spika nzuri, au kwenye karatasi zake, pameandikwa inatoa desibeli ngapi kwa wati 1 ukiwa mita 1. Spika ya desibeli 97 ukilinganisha na ya 94, ni sawa na kuwa na ampli mara mbili yake. Bure kabisa. Kwa watu wanaopigia umeme wa betri kama sisi, spika yenye desibeli nyingi ni kama jiko linalokula makaa machache.

Jambo la pili ni boksi. Papa aligonga boksi moja kwa kidole, akasikiliza kama daktari. Boksi za plaiwudi zinavumilia. Zile za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ukishuka mvua na maji yakaingia chini, zinavimba kama mkate ndani ya chai, na skrubu hazishiki tena. Angalia pembe kama zina vyuma au plastiki ngumu. Angalia wavu wa mbele kama ni wa chuma, maana mtoto atapiga teke, hilo ni hakika. Angalia ukingo wa spika, ile duara inayoshika karatasi. Ikiwa ni ya sponji, kwa miaka inakuwa unga. Ya kitambaa inadumu. Na pale unapochomeka waya, tikisa kidogo. Kama tundu linacheza, limeshaanza kufa.

Jambo la tatu ni uzito. Hapa sisi hatuna gari. Ampli inabebwa kwa boda boda kutoka Base Camp mpaka Rubondo, imefungwa kwa kamba za mpira, na njia unaijua. Ampli nyepesi ina faida kubwa. Ila nitalirudia hili, maana ndipo tulipogawanyika.

Jambo la nne ni umeme. Mashine nyingi za mtumba zinatoka Marekani ambako umeme ni volti 120. Hapa Uganda ni 240. Ukichomeka ya 120 kwenye 240, utasikia "pah" na harufu, na hadithi imekwisha. Soma kibao cha nyuma. Nyingine zina swichi ya kubadilisha, nyingine zinakubali zote mbili zenyewe, nyingine zinahitaji transfoma ya kushusha, na hiyo transfoma nayo ni pesa na kilo.

Anayetumia sola na betri aangalie inveta yake. Ziko zinazotoa umeme laini kama wa gridi, na ziko za bei ya chini zinazotoa umeme wa ngazi ngazi. Hizi za pili zinaweza kufanya ampli ivume "mmmm" hata kama hakuna anayepiga, na transfoma zinapata joto. Hesabu ya betri ni rahisi: betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1200. Kama ni ya asidi, usitumie zaidi ya nusu, la sivyo utaizika mapema. Zinabaki 600. Ampli ikila wati 100 kwa wastani, ukitoa zinazopotea kwenye inveta, una kama saa 5. Harusi ya kwetu saa 5 haijafika hata kwenye keki, kwa hiyo jipange.

Anayetumia jenereta aweke stabilaiza katikati. Jenereta ikikohoa, volti zinapanda na kushuka. Na tafadhali, msikate ule mguu wa tatu wa plagi, wa ardhi. Nimeona watu wanaukata ili plagi iingie kwenye tundu la miguu 2. Siku mpiga gitaa atakaposhika nyuzi huku mdomo wake uko kwenye maiki, umeme unaweza kutafuta njia kupitia kwake. Hata mvumo wa kukera haufikii thamani ya mtu.

Jambo la tano ni sauti yenyewe. Watu wengi wanajaribu ampli dukani wakiwa peke yao. Wanafungulia chini yote, tumbo linatikisika, wanafurahi: "Eh, hii iko na besi!" Grand alitukataza. Sauti inayotikisa tumbo ukiwa peke yako ndiyo inayopotea ngoma zikianza, kwa sababu iko kwenye kona moja na ngoma kubwa. Kinachofanya besi isikike ndani ya bendi ni sauti zake za katikati, pale kidole kinaposikika kikigusa uzi. Kwa hiyo yeye alianza na visu vyote katikati. Akapiga Mi wazi, akapanda fereti moja moja mpaka juu, taratibu, nyuzi zote nne: Mi, La, Re, Sol. Alikuwa anasikiliza kama kuna noti moja inayolia kuliko zingine au kitu kinachokwaruza. Kisha akasema mtu apige ngoma, hata ndoo. Halafu akatutuma tusimame mbali.

Kusimama mbali ni muhimu. Wimbi la ile Mi ya chini lina urefu wa kama mita 8. Ukisimama karibu kabisa na ampli, wewe mpigaji unaweza usisikie vizuri kile anachosikia mtu wa mlangoni. Ukiisogeza ampli kwenye kona ya ukuta, besi inaongezeka bila kugusa kisu. Ikizidi na mabati yakaanza kulia, itoe kwenye kona kabla ya kugusa kitu kingine. Na msihukumu kwa video ya simu. Spika ya simu haiwezi kabisa kutoa sauti za chini hivyo. Mnayoisikia kwenye simu ni kivuli chake tu.

Kwa mashine ya mtumba Papa aliongeza majaribio yake. Nusa nyuma, harufu ya kuungua haifichiki. Zungusha visu vyote. Vikikwaruza kidogo ni vumbi, vinasafishika, lakini sauti ikikatika kabisa ni kazi zaidi. Sukuma karatasi ya spika taratibu kwa vidole, pande zote sawa. Ikienda na kurudi kimya ni nzima, ikikwaruza koili imeharibika. Pima spika kwa mita: iliyoandikwa omu 8 itasoma kama 6 hivi, hilo si kosa. Ikiwa haisomi kitu, imekatika. Mwisho, iache iwake saa nzima kwa sauti ya mazoezi. Magonjwa mengi yanatokea mashine ikipata joto.

Baada ya hayo yote zilibaki ampli 2.

Ya kwanza ilikuwa mpya, dukani Mbarara, kwa milioni 1 na elfu 450. Kichwa kidogo unakishika kwa mkono mmoja, na boksi jepesi. Ni zile za kisasa za Klasi D. Zinakata umeme kwa kasi kubwa mno, kufungua na kufunga, badala ya kuumwaga kama bomba lililofunguliwa nusu. Kwa hiyo umeme kidogo sana unapotea kuwa joto, na hazihitaji ile transfoma kubwa ya chuma. Sauti yake ilikuwa safi. Grand aliipenda, na sikumlaumu.

Ya pili ilikuwa Peavey ya zamani, kwa bendi moja ya Kampala iliyokuwa inauza vyombo, milioni 1 na laki 2. Spika moja ya inchi 15, wati 150, vyote ndani ya boksi moja. Zaidi ya kilo 30. Imekwaruzwa pande zote, kama mzee aliyelima maisha yake yote. Sauti yake haikuwa safi kama ya kwanza, lakini ilikuwa nene na ya kweli. Ngoma zilipoanza, ilibaki mahali pake.

Tukamwuliza Papa: ipi ni ya kudumu?

Akajibu kwa swali. "Ikifa, itafia wapi?"

Hatukumwelewa. Akaeleza. Ile mpya inaweza kuishi miaka mingi bila kuugua. Lakini ikiugua, vipande vyake vya ndani ni vidogo kama punje za ulezi, vimebandikwa kwa mashine, na mara nyingi hutengenezi kipande, unaagiza bodi nzima kutoka nje. Nani ataiagiza? Kwa pesa ya nani? Ile ya zamani aliifungua mbele yetu, mwenyewe akikubali. Akatuonyesha transfoma, fyuzi, transista kubwa zilizofungwa kwenye chuma cha kupoza. "Hizi transista, hizi hizi au ndugu zake, napata Kampala. Hii naweza kuifungua usiku na tochi. Mimi nikiondoka, kijana niliyemfundisha ataifungua."

Grand alibisha, na alikuwa na hoja. Kilo 30 kwenye boda boda, kila wiki, mvua na jua. Mdogo wetu wa kike wa miaka 16 aliyekuwa anajifunza besi, atainyanyua vipi? Na ya zamani inakula umeme zaidi, betri itaisha mapema. Yote ni kweli. Nasema hapa wazi: kama kikundi chako kina sola tu na hakina jenereta, au kinatembea kila siku, au mnaishi mjini karibu na mtu anayeweza kuagiza vipuri, ile nyepesi inaweza kuwa ndiyo yenu. Sisi hatuishi mjini.

Tukapiga kura. Ile nzito ilipata 13, nyepesi 7. Wawili hawakuja. Grand alikuwa kwenye wale 7. Alikaa kimya siku 2, siku ya tatu akaja na kipimo cha mkanda na kuanza kuchora kigari cha magurudumu 4 cha kuibebea. Fundi seremala alikitengeneza kwa elfu 60. Pesa iliyobaki ilinunua stabilaiza, waya mzuri wa gitaa na turubai la kufunika, maana panya wa hapa wanapenda kulala mahali penye joto.

Bado tulikuwa na kazi ya kuhakikisha inabaki. Spika haiibiwi na mwizi tu, inaibiwa pia na uzembe. Tukanunua daftari. Kila anayeitumia anaandika tarehe, saa alizopiga, umeme ulikuwa wa nini, na kama kulikuwa na shida. Papa naye akiifungua anaandika alichogusa. Kwa hiyo fundi atakayekuja baada yake hataanza gizani. Vijana 2 wanakwenda kwake kila Jumamosi. Wameshajua kubadilisha fyuzi kwa ile ya namba ile ile, si kwa waya wala kwa foili ya sigara, na kusafisha visu. Mmoja wao ni yule mdogo wetu wa kike. Ampli hainyanyui peke yake, lakini anajua ndani yake kuliko wavulana wengi wanaoinyanyua.

Kwa hiyo ukiniuliza mnunue ampli ipi, nitakujibu kwa maswali. Inaingiza umeme kiasi gani, na umeme wenu unatoka wapi? Boksi lake ni la mbao gani? Inasikika ngoma zikiwepo? Nani ataifungua ikinyamaza, na kipuri kitatoka wapi? Na la mwisho, ambalo fundi hawezi kulijibu: mmeshakubaliana ni ya nani siku mtakapoanza kuondoka mmoja mmoja? Msipolijibu hilo kabla ya kulipa, hata ampli bora duniani itawagombanisha.

Grand alifanya interview yake, anasubiri. Huenda akaitwa mwezi huu, huenda baada ya miaka 2, hakuna anayejua. Anapiga besi kila Jumapili na kufundisha Jumanne. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari tuliandika majina 22 ya waliochanga, na mbele ya kila jina pesa aliyotoa. Tangu siku ile 3 wameshaondoka. Kuna aliyeuliza kama tuwakate. Dada wa hazina alikataa. Alisema chini ya majina kuna nafasi bado, watakaokuja wataandikwa hapo.